Ubongo wa mtandao ukae wapi: Dodoma au Dar?

Umefika tawini Kigoma kupata huduma, karani anakwambia "mtandao unasumbua." Tatizo huenda haliko Kigoma kabisa. Linaweza kuwa mamia ya kilomita mbali, pale ulipowekwa ubongo wa mtandao wa taasisi hiyo.

Zamani kila ruta ilijiamulia data ipite njia gani. Kwenye teknolojia ya SD-WAN, maagizo hayo yanatoka kwenye programu inayoitwa kontrola. Mfikirie askari wa trafiki: hakubebi, ila yeye ndiye anayekuonyesha pa kupita.

Sasa kontrola iwekwe wapi?

Umbali

Ndani ya faiba, mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Tuchukue Reli ya Kati kama rula. Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 12 hivi. Kontrola ikiwa Dodoma, tawi la mbali zaidi linabaki kilomita 800 hivi, yaani milisekunde 8. Dodoma inashinda, lakini tofauti hiyo mteja hawezi kuihisi.

Kukatika

Hapa ndipo penye ishu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Nchi kavu, mafuriko au katapila la barabara linaweza kukata waya vilevile. Tawi lililotengwa na kontrola huendelea na maagizo ya mwisho, ila hali ikibadilika hakuna wa kulielekeza upya.

Mwaka 2012 watafiti Brandon Heller, Rob Sherwood na Nick McKeown walionyesha kuwa kwa kasi, kontrola moja mara nyingi inatosha. Kwa kuhimili hitilafu, haitoshi.

Kwa nini tatu?

Zikiwa mbili na mawasiliano kati yao yakakatika, kila moja inaweza kujiona bosi, zikatoa maagizo yanayopingana. Zikiwa tatu, mfano Dodoma, Dar na Mwanza, moja ikipotea mbili zilizobaki zina wingi wa kura na kazi inaendelea. Sharti ni moja: nyaya zao zipite njia tofauti.

Kabla ya kununua mfumo, taasisi imuulize muuzaji: waya wa Dodoma na Dar ukikatika usiku huu, matawi yataelekezwa na nani?