Mkoba wa Baiskeli: Tazama Keria Kwanza

Watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli huniuliza wanunue mkoba gani wa pembeni, na jibu langu huwaudhi: tazama keria kwanza. Kwenye lami ya Mombasa–Malindi mzigo hutulia. Ukiiacha lami ukaingia njia za ndani, kila shimo huurusha mzigo juu na kuubwaga, na kinachokatika ni bolti ya keria au kulabu ya mkoba, si kitambaa.

Mimi napendelea keria ya chuma. Ni nzito, na hewa yetu ya chumvi huila usipoipaka rangi. Lakini ikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga. Alumini si kila fundi anaiweza.

Mkoba nao uwe na kulabu mbili imara juu na kishikizo kimoja chini. Cha chini ndicho wengi hukipuuza, nacho ndicho kinachozuia mkoba usipigepige hadi ukaingia kwenye spoki. Gurudumu likinaswa, baiskeli husimama ghafla, na nyuma yako kuna matatu inayokimbilia abiria. Kwa sababu hiyo mikanda mirefu inayoning'inia mimi huikata, hata kama mkoba ni mpya. Dukani, pakia kitu kizito, inua nyuma ya baiskeli kidogo uiachie. Mkoba ukichomoka hapo, urudishe. Kisha zungusha pedali uone kama kisigino kinaugusa.

Kuhusu mvua, kitambaa cha kushonwa huvuja kwenye mishono hata kikiitwa cha kuzuia maji. Mikoba ya Ortlieb ya Ujerumani ni ya kitambaa kama turubai la lori, mishono imeunganishwa kwa joto na mdomo unakunjwa. Ni mizuri kweli, ila bei yake kwa mwalimu au mlinzi ni mtihani. Jozi yake ya nyuma huchukua kama lita 40. Mitungi miwili ya mafuta ya kupikia ya lita 20, ikikatwa mdomo na kufungwa kulabu za chuma, huchukua kiasi hicho hicho. Haipendezi, lakini maji hayapiti ubavuni; juu funika kwa kipande cha turubai.

Vizito viweke chini, pande zote sawa. Ukishaenda kilomita kumi za kwanza, simama ukaze bolti.