Sala Kwanza, Viwiko Baadaye

Wiki nzima ni mpole kama maji ya mtungini. Alhamisi usiku, ndani ya jengo la kanisa, anageuka mbogo. Sasa mimi nimeolewa na yupi?

Mpenzi msomaji, kuna wanaume wanaobadilika wakinywa, na kuna wanaobadilika wakishika usukani kwenye foleni. Wa kwangu hanywi, na barabarani anapisha hadi mbwa. Yeye hubadilika akivaa jezi. Tena si kwenye uwanja wa mjini, ni kanisani.

Niko Utah, Marekani, mwaka wa nane sasa, katika kitongoji kimoja kusini mwa Salt Lake City. Mimi ni Mwanglikana wa Muheza na bado ni Mwanglikana. Mume wangu amezaliwa na kukulia katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao dunia imezoea kuwaita Wamormoni. (Mwaka 2018 kiongozi wao mkuu aliomba jina hilo la utani liachwe, lakini mtaani bado linatumika.) Ni watu wa adabu, hilo siwanyimi. Pombe hawanywi, sigara hawavuti, chai na kahawa hawagusi. Ukihamia mtaani kwao, kabla hujafungua maboksi umeshaletewa mkate wa moto. Hata matusi wana yao ya bandia: neno linaanza vizuri tu kama tusi, halafu katikati linageuzwa linakuwa neno la mtoto wa chekechea.

Wape mpira wa kikapu sasa, uone.

KIKAPU NYUMA YA MIMBARI

Nilipomsimulia mama kwa simu aliuliza, "Mwanangu, humo humo kanisani?" Humo humo, mama. Majengo mengi ya Wamormoni huku yana ukumbi wa ibada mbele, na nyuma yake, kukiwa na milango ya kukunja tu katikati, kuna ukumbi mwingine wenye mistari ya kikapu sakafuni na goli mbili. Waumini wakizidi Jumapili, milango inakunjwa na viti vinapangwa hadi chini ya goli. Nimehudhuria tafrija za harusi humo ambapo bibi harusi alikata keki chini ya kikapu kilichofungwa maua. Ukizoea huoni ajabu.

Halikuja kwa bahati. Wazee wao waliona zamani kwamba kijana usipompa kitu cha kufanya jioni, atakitafuta mwenyewe, na si lazima kiwe unachokipenda. Kuanzia miaka ya 1920 hadi 1971 kulikuwa na mashindano ya kanisa zima pale Salt Lake City, timu zikija kutoka mbali. Kupata nafasi ya kucheza ilibidi uhudhurie ibada na ukae mbali na sigara na pombe. Kanisa lilipotanuka hadi nchi nyingi, mashindano hayo makubwa yakakoma, mchezo ukarudi mitaani.

Huko mitaani ndiko kwenye kivumbi. Wenzetu hawa hawachagui pa kusali. Usharika wao unaitwa kata, na mpaka wake unachorwa kwenye ramani: nyumba yako ikiwa upande huu wa barabara ni kata hii, ikiwa ng'ambo ni kata nyingine. Kata kadhaa zinaunda kigingi, na ligi ni ya kata kwa kata ndani ya kigingi. Kwa hiyo unayemrukia usoni Alhamisi si mgeni. Ni jirani, ni mwalimu wa mwanao, pengine ni daktari anayekung'oa meno. Na wanaitana Ndugu fulani na Dada fulani, basi utasikia, "Ndugu, umenikanyaga makusudi!" Jamani, mimi huwa nashindwa nicheke au nilie.

DAKIKA YA TATU

Mambo huenda hivi. Saa moja usiku watu wazima kumi wanasimama duara, mikono imekunjwa kifuani kama desturi yao ya kusali. Mmoja anaomba asiumie mtu, na mchezo uwe wa kindugu. Amina. Mpira unarushwa juu. Dakika ya tatu mhasibu wa miaka 41 anamfokea refa mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Wenyewe wana utani wa siku nyingi kwamba huu ndio ugomvi pekee unaofunguliwa kwa sala. Mwaka 2006 ilitoka hata filamu ya vichekesho, Church Ball, iliyotengenezwa na Wamormoni wenyewe kuwacheka Wamormoni, na marehemu Gary Coleman alikuwamo. Kwa hiyo si siri ya familia. Anayeshangaa ni yule aliyeolewa kutoka Muheza.

Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe ulibuniwa ili watu wasiumizane. James Naismith, Mkanada aliyesomea theolojia, aliubuni Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, katika chuo cha mafunzo cha vijana Wakristo wa YMCA. Alitaka kitu cha kuchezea ndani wakati wa baridi kisicho na kupigana vikumbo, na katika kanuni zake 13 alikataza kusukuma, kushika, kutega na kupiga. Lakini mwenyewe alisimulia redioni mwaka 1939, akiwa mzee, jinsi jaribio la kwanza lilivyokwenda: vijana 18, tisa kila upande, waliishia kurushiana ngumi na mateke katikati ya ukumbi. Mmoja alizimia, wengine wakavimba macho, mmoja bega likateguka. Kilichosaidia, alisema, ni kanuni ya kutokimbia na mpira mkononi.

Kwa hiyo mume wangu asijione mvumbuzi.

KWA NINI WAPOLE?

Nimekaa kwenye kiti cha chuma pembeni ya uwanja huo misimu saba na nina maoni yangu. Sehemu ya tatizo ni jengo. Ukuta uko hatua chache tu nyuma ya goli, hivyo anayekwenda kufunga akisukumwa kidogo anaubusu. Marefa nao mara nyingi ni watu wa kujitolea. Kazi yake ni kuuza bima, leo amepewa filimbi, na anaowapigia faulo wanajua anapoishi.

Lakini kubwa zaidi ni umri na kumbukumbu. Vijana wao wa kiume huenda misheni miaka miwili, wakiwa na miaka 18 siku hizi, 19 kabla ya mwaka 2012. Wanarudi, wengi wanaoa mapema, watoto wanafuatana. Katika kila timu kuna angalau wanaume watatu wanaoamini kwamba isingekuwa misheni na ndoa wangechezea chuo kikuu cha Brigham Young. Goti limekataa, kitambi kimekubali, lakini kichwani bado ni kijana wa shule ya sekondari. Kizazi hiki kilikua kikitazama Utah Jazz ya Stockton na Malone ikifika fainali mwaka 1997 na 1998, na mara zote mbili ikafungwa na Chicago Bulls. Kuna majeraha hayaponi.

Na kuna hili, ambalo shemeji yangu mmoja wa kike aliniambia tukiosha vyombo: "Wiki nzima wanatabasamu." Kazini tabasamu, mtaani tabasamu, kanisani ndiyo usiseme. Hawana baa ya kwenda kumlaani bosi. Wanayo Alhamisi.

Msomaji, usinicheke. Nyumba ngapi Dar haziongei usiku wa Simba na Yanga?

KIWIKO

Nisimulie kilichotokea kwetu, maana hapo ndipo utani uliponiishia.

Ng'ambo ya barabara yetu, kata nyingine, wanaishi mume na mke wa rika letu. Mke ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji. Nilipojifungua mtoto wa pili, alikuja siku kumi mfululizo na sufuria yake. Mume ana mashine ya kuondoa theluji, na kila ikianguka alikuwa akimaliza kwake anavuka barabara kusafisha kwetu bila kuombwa.

Februari moja kata zetu zilikutana. Zikiwa zimebaki dakika mbili, wote wawili waliruka kugombea mpira uliogonga goli. Mume wangu alishuka nao viwiko vikiwa nje, na kiwiko kimoja kikapasua mdomo wa jirani. Damu kwenye sakafu ya kanisa. Nyuzi nne. Ingewezekana ikawa ajali, sikatai. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamebishana robo saa nzima, na yule bwana alipokuwa ameinama ameshika mdomo, wangu alikuwa anamwonyesha refa kwamba hiyo si faulo.

Kwenye gari nilimwuliza, "Utamwendea lini?"

Akasema, "Ni mchezo tu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambazo si za kikapu. Kama ni mchezo tu, basi samahani ni rahisi, si unaitoa tu? Wiki ya kwanza hakwenda. Wiki ya pili theluji ilianguka sentimita ishirini na mashine ya jirani ikaishia kwenye mpaka wa barabara. Nikachota kwa koleo, mtoto mgongoni kwa kanga. Jumapili ibada zetu hupishana katika jengo moja, wao wanatoka sisi tunaingia (mimi huenda na watoto kumsindikiza), na ule ujia wa katikati ulianza kuonekana mwembamba. Yule dada alinisalimia. Ila sufuria haikuja tena, na kufikia Aprili mumewe akawa haonekani ibadani kabisa.

Hiyo ndiyo hasara ya ligi hizi ambayo watu hawaihesabu. Mtu akigombana na mgeni kwenye uwanja wa manispaa, anarudi kwake na hadithi imekwisha. Hawa wakigombana, mmoja anaanza kuona kanisa zito, na mke wake anabaki kutafuta la kujibu akiulizwa mzee yuko wapi.

"ACHA AKATOE HASIRA"

Marafiki waliniambia nimwache, ni afya, akizitoa uwanjani nyumbani atakuja mtulivu. Nami nilitaka kuamini. Lakini mwanasaikolojia Brad Bushman alilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002: aliwakasirisha watu, kisha baadhi wakapiga begi la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa tu kimya. Waliopiga begi ndio waliobaki na hasira zaidi. Nilichoona nyumbani kinafanana na hicho. Alhamisi za kelele hazikuniletea mtulivu. Ziliniletea mtu anayerudia kila faulo mpaka saa sita usiku, nami nimelala nimegeukia ukuta.

Nikamwekea sharti moja, na si la kuacha kikapu. Mwanaume aliyenyimwa anachokipenda hukaa nyumbani akikukumbusha. Nilisema: hutavaa jezi hiyo mpaka uvuke barabara.

Alivuka mwezi Juni. Nilikuwa dirishani, sikusikia lolote, nimeona tu wamesimama mlangoni muda mrefu, kisha jirani akajigusa mdomo kuonyesha kovu. Aliporudi nilimwuliza amesema nini. "Nimesema nilimwumiza, halafu nikabishana akiwa anatoka damu." Hakuweka "lakini." Kwa mwanaume, msomaji, wewe na mimi tunajua hiyo ni nusu ya kazi.

Jirani alirudi kanisani, si Jumapili ile, ila alirudi. Kigingi nacho kilichoka. Vipo vigingi vilivyofuta ligi kabisa. Chetu kiliamua kuleta marefa wa kulipwa kutoka nje wasiojuana na mtu, na atakayepewa faulo ya utovu wa nidhamu anakaa nje mchezo unaofuata. Walijaribu pia kuongeza sala ya mwisho. Ya marefa imesaidia zaidi.

Mimi na yule dada tuna mpango wetu ambao kigingi hakiujui. Tunakaa kiti kimoja hata kata zetu zikikutana. Mmoja wetu akiona wake ameanza kutoa mishipa, anasimama na kuinua funguo za gari. Hakuna kelele, hakuna kumwita mtu jina. Aliyeinuliwa funguo anatoka mwenyewe, anakunywa maji ujiani, anarudi akitulia.

Msimu uliopita zimeinuliwa mara mbili. Mara moja zake, mara moja zangu.