Kipimo cha Uvimbe wa Ubongo na Amana ya Mpimaji

SHUKRANI zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora na kumtunukia akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie kipimo cha uvimbe wa ubongo ambacho wataalamu wangali wakikifanyia utafiti, kwani ndani yake mna mafunzo kwetu sisi tunaoishi na kuchuma riziki katikati ya Jiji la Dar es Salaam.

Uvimbe unaochipuka katika nyama ya ubongo yenyewe aghalabu hauna mpaka ulio wazi. Daktari akiubakisha, hukua tena. Akipitiliza, mgonjwa aweza kupoteza usemi au nguvu za mkono. Ili mpaka uonekane, mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha za MRI, au hunyweshwa dawa inayoufanya uvimbe uwake wekundu chini ya mwanga wa buluu wakati wa upasuaji. Dawa hizo zina manufaa makubwa, lakini si kila uvimbe unaowaka.

Ndipo wataalamu walipoyageukia mawimbi yaitwayo terahezi, yaliyo kati ya yale ya maikrowevu na mionzi ya joto. Hutetema kiasi cha mara trilioni moja kwa sekunde, wala hayana nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili kama eksirei. Sifa yake kubwa ni kwamba hunywewa sana na maji. Na kwa kuwa uvimbe kwa kawaida huwa na maji mengi kuliko nyama nzima, mawimbi yanayorudi hutofautiana, na picha huchorwa bila ya kutia rangi yoyote. Mwaka 2014 na 2016 watafiti wa Korea Kusini walitangaza matokeo ya majaribio ya namna hiyo, wakitumia wanyama wa maabara na vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa.

Hata hivyo, wenye elimu hii hawafichi upungufu wake. Maji yale yale yanayowasaidia ndiyo yanayoyazuia mawimbi yasipenye hata milimita moja ya nyama yenye unyevu. Kwa hiyo hayawezi kuupita mfupa wa fuvu na kuona ndani. Yatafaa pale tu fuvu lilipokwisha kufunguliwa.

Sasa tulinganishe na yanayotokea mitaani kwetu. Wapo watu ambao humshikisha mgonjwa kifimbo chenye waya, na baada ya dakika chache humsomea orodha ya maradhi ya mwili mzima, kisha humuuzia dawa palepale. Waliosoma miaka mingi wanakiri kuwa hawaoni zaidi ya milimita moja. Huyu wa kifimbo anadai kuona kila kitu!

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Akamkemea muuzaji na kubainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Ikiwa hivyo ndivyo kwa nafaka, itakuwaje kwa uhai wa mtu? Tena imepokewa kutoka kwake kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, atadaiwa dhamana ya madhara anayoyasababisha.

Ndugu msomaji, kichwa kinachouma na kuzidi siku hadi siku, hasa alfajiri, pamoja na kutapika. Kifafa kinachoanza ukubwani. Macho kuingia ukungu. Au upande mmoja wa mwili kulegea, ni dalili za kupelekwa hospitali upesi. Wengi wetu hukimbilia kusema ni jini. Hatupingi kisomo, kwani Qur'ani ni shifaa, wala hatuibezi habasoda. Tunalokataza ni kuvifanya hivyo kuwa sababu ya kuchelewa. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, aliwaamrisha waitafute.

Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Muhimbili, Upanga, si safari ndefu. Hapo ipo Taasisi ya MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ambayo hutibu mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Ikiwa kikwazo ni gharama, basi hilo ni jukumu letu sote. Jamaa wa msikiti wanaoweza kuchangia ubani wa maiti hawashindwi kuchangia kipimo cha aliye hai, na aliyeokoa nafsi moja, Allah amemhesabu kama aliyewaokoa watu wote.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awazidishie elimu na uaminifu matabibu wetu, na atukinge na biashara ya udanganyifu. Amin. Wallahu a'lam.