Siku tatu Stockholm bila keshi: tulivyolipa tukiwa wanne na tukabaki marafiki

Mwezi wa Juni, jua la Stockholm huzama karibu saa nne usiku. Unakula chakula cha jioni na nje bado kweupe! Sisi marafiki wanne kutoka Nairobi tulikuwa na siku tatu tu za kuzunguka mji mkuu huo wa Uswidi, na siku zote tatu hatukushika hata noti moja ya krona.

Si ujanja wetu, ndivyo mji ulivyo. Maduka na mikahawa mingi imebandika tangazo mlangoni kwamba haipokei keshi. Ajabu ni kwamba noti za kwanza za benki barani Ulaya zilitolewa hapo hapo Stockholm, mwaka wa 1661.

Wenyeji wanalipana kwa simu. Programu yao inaitwa Swish na ilianza mwaka wa 2012, miaka mitano baada ya Wakenya kuanza kutumiana pesa kwa simu. Unaweka namba, unaweka kiasi, pesa imefika. Utajihisi uko nyumbani, lakini ngoja kwanza: Swish inataka akaunti ya benki ya Uswidi na kitambulisho cha kidijitali cha huko. Mgeni wa siku tatu atavitoa wapi? Kwako wewe, kadi ndiyo pochi.

Kama wewe na marafiki zako mnapanga safari kama hii, haya ndiyo yaliyotusaidia.

Beba kadi mbili. Siku ya pili, kwenye mkahawa mmoja wa Gamla Stan, ule mji wa kale, kadi ya mwenzetu ilikataliwa. Tayari tumeshakula! Benki yake ilikuwa imezuia malipo ya nje ya nchi. Kadi ya pili ndiyo iliyomwokoa. Mahali pasipo keshi, ukiwa na kadi moja na ikakataa, huna pa kukimbilia. Ijulishe benki yako kabla ya kupanda ndege, na weka kadi hizo mifuko tofauti.

Chagua krona. Mashine ya kadi inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa krona au kwa sarafu ya kadi yako. Chagua krona. Ukichagua sarafu yako, mara nyingi unabadilishiwa kwa bei mbaya kuliko ya benki yako, na ukishabonyeza basi.

Gusisha, pita. Kwenye treni za chini ya ardhi na mabasi hakuna foleni ya tiketi. Unagusisha kadi, unapita. Tiketi moja inadumu dakika 75, hata ukibadilisha treni. Kila mtu agusishe kadi yake.

Lipaneni kabla ya kulala. Mikahawani mmoja wetu alilipia wote. Jioni alituonyesha meseji ya benki, tukagawanya kwa nne kwa shilingi ile ile aliyokatwa, kisha kila mtu akamtumia kwa simu papo hapo. Hakuna kukadiria, hakuna “nitakusort tukifika Nairobi.” Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na urafiki mwingi huvunjwa na deni la chakula cha jana. Ila washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi kabla hujaondoka, na uulize gharama zake.

Wekeni kikomo cha siku. Kugusisha kadi hakuumi kama kutoa noti, kwa hivyo pesa huisha kimya kimya. Sisi tulikubaliana kiasi cha kila siku kabla ya kutoka hotelini. Pesa tuliitumia kwa Vasa, meli ya vita iliyozama mwaka wa 1628 kwenye safari yake ya kwanza, ikaopolewa mwaka wa 1961, na sasa ina makumbusho yake kisiwani Djurgården. Mengine tuliyapata bure: kutembea Gamla Stan, kutazama mji kutoka njia ya Monteliusvägen, kuogelea Långholmen. Maji ya bomba nayo ni safi, jaza chupa yako.

Kwa hivyo kabla ya kufunga mabegi, kaeni chini mkubaliane mambo matatu: nani atalipa, kikomo ni kiasi gani, na mtarudishiana lini. Mazungumzo hayo ni rahisi zaidi mkiwa bado nyumbani kuliko mkiwa mezani na mhudumu amesimama hapo na mashine mkononi.