Kumtengeneza Kermit kwa koti kuukuu

Baadhi yenu mlioona televisheni utotoni mtamkumbuka yule chura wa kijani mwenye shingo nyembamba na mdomo mpana, anayeitwa Kermit. Kipindi chake cha The Muppet Show, kilichotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1981, kilionyeshwa katika nchi zaidi ya mia moja. Leo tunataka kueleza jinsi mzazi, mwalimu wa chekechea au kijana yeyote anavyoweza kumshona Kermit wake nyumbani. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wazungu wenye mashine kubwa. Sivyo hata kidogo.

Kermit wa kwanza alitengenezwa mwaka 1955 na kijana wa Marekani aitwaye Jim Henson, aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Alichukua koti kuukuu ambalo mama yake alikuwa ameacha kulivaa, akakata mpira wa tebo tenisi katikati ukawa macho mawili, basi. Hakununua kitambaa. Kikaragosi hicho kilionekana katika kipindi kifupi cha Sam and Friends huko Washington, na leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Jambo la kuchekesha ni kwamba wakati huo hakuwa chura! Alikuwa kiumbe tu, rangi yake kijani yenye ubuluu, bila ile kola ya pembepembe. Uchura ulimjia baadaye, katika miaka ya 1960.

Kwa hiyo amua kwanza, unataka Kermit yupi? Tungekushauri uanze na yule wa 1955, kwa sababu ni rahisi na hata akiwa na kasoro hakuna wa kukucheka. Ukishamzoea, kola utaiongeza.

Vifaa havina gharama kubwa. Nenda kwenye mitumba utafute koti jepesi la kijani, kitambaa kinachonyumbuka kidogo, si kigumu kama turubai. Pata kadibodi ngumu ya boksi, kipande cha kitambaa chekundu, mpira mmoja wa tebo tenisi, gundi, sindano na uzi wa rangi ya koti. Spoku moja ya baiskeli itafaa kwa mkono. Cherehani si lazima.

Anza na mdomo, maana hapo ndipo uhai wake ulipo. Kata kadibodi umbo la yai, urefu kama sm 18 na upana sm 10, kisha ikunje katikati ya urefu wake ili ifunguke na kufunga kama kitabu. Gundisha kitambaa chekundu upande wa ndani. Sasa chukua mkono wa koti. Ile sehemu ya kiganjani, ambayo mzunguko wake huwa karibu sm 30, ipasue pande zote mbili kwa kina cha sm 4 hivi. Utapata mdomo wa juu na wa chini. Ushikize kwenye kadibodi kwa pini kwanza, pale palipopasuliwa pakutane na mkunjo, ukizungusha zile pembe za kitambaa polepole. Ukiona imekaa sawa, shona. Usikimbilie gundi hapa. Gundi ikikauka vibaya umepoteza mkono mzima wa koti, na mkono wa pili utauhitaji kwa mwili.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hukosea. Wanajaza kichwa sponji ya godoro ili kionekane kinene. Kichwa cha Kermit hakijajazwa hivyo. Ni kitambaa juu ya mkono wa mtu, ndiyo sababu uso wake unaweza kukunjamana akikasirika au kujikusanya akiwa na aibu. Ukikunja vidole, uso unabadilika. Ukijaza sponji umemuua! Wacha kichwa kiwe chepesi.

Macho ni kazi ya uvumilivu. Kata mpira katikati kwa wembe mpya, mtoto asifanye kazi hii. Na uangalie, mipira mingi, hasa ya zamani, ni ya seluloidi, na seluloidi hushika moto haraka mno; usiikate wala kuihifadhi karibu na jiko. Chora mboni nyeusi kwa kalamu ya wino mzito, duara dogo lenye mstari mfupi uliolala kila upande. Kabla ya kugundisha, shikilia macho kwa muda, umpe mtu mwingine avae kikaragosi, nawe ukae mbali kama hatua tatu. Mboni zikielekea kidogo kwa ndani, Kermit atakutazama wewe. Zikikaa katikati kabisa, atatazama ukuta. Don Sahlin, fundi aliyefanya kazi na Henson, alijulikana kwa kulishughulikia sana jambo hili la macho.

Mikono iwe myembamba, ijazwe vitambaa vikuukuu. Spoku ishonewe kwenye kiganja kimoja, ncha ikunjwe na kufungwa utepe isije ikamchoma mtu. Miguu si lazima, kwa sababu utajificha nyuma ya meza.

Sasa kumwendesha. Vidole vinne juu, kidole gumba chini. Mdomo hufunguka kwa kushusha gumba, si kwa kurusha kichwa nyuma. Funua mdomo mara moja kwa kila silabi. Hapa sisi Waswahili tumebahatika, silabi zetu ziko wazi: ka-ri-bu, mara tatu. Inamisha kiganja kidogo ili atazame watoto badala ya dari.

Mtoto wako pengine hamjui Kermit hata kidogo. Atamwita Chura, na si neno. Sisi tunaofanya kazi na familia tunajua mtoto anayemficha mama yake jambo anaweza kulisema mbele ya kitambaa chenye macho. Huko Afrika Kusini, mwaka 2002, kipindi cha Takalani Sesame kilimleta Kami, kikaragosi cha msichana wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI, ili watoto wapate njia ya kuuliza maswali ambayo watu wazima waliyakwepa.

Lakini tahadhari. Kikaragosi si mtego. Usimtumie kumhoji mtoto mbele za watu, wala usimfanye Kermit aahidi, "Sitamwambia mtu." Mtoto akisema anapigwa au anaguzwa vibaya, mshushe chura polepole, msikilize kwa sura yako mwenyewe, umwambie amefanya vyema kusema, kisha umwone afisa wa watoto au upige simu ya bure 116 ya Childline Kenya. Usirudie maneno yake kwa jirani.

Jambo la mwisho ni la pesa, kwa kuwa vikundi vya akina mama hawatakosa kuuliza. Kermit ana mwenyewe. Tangu 2004 ni mali ya kampuni ya Disney. Kumshona wa kucheza na watoto wako nyumbani ni jambo moja, kushona hamsini na kuwauza sokoni ni lingine, linaweza kukuletea barua ya wakili. Kikundi kikitaka kuuza, kitumie ufundi huu huu kumbuni mhusika wake, awe mbuzi, fisi au kondakta wa matatu. Bei ya kadibodi ni ile ile.

Ukimaliza mchezo, mtundike Kermit kwenye hanga, usimkunje sandukuni. Panya wanapenda koti la zamani kuliko jipya.