Reli ya Makambako na Bili ya Vita vya Jirani

Pima nafasi kati ya vyuma viwili vya reli pale stesheni ya Makambako, utapata milimita 1,067. Reli ya Kati, iliyoanza enzi za Mjerumani, ina 1,000. Tofauti haifiki upana wa vidole vinne, lakini inatosha kulizuia behewa la Dodoma lisikanyage hapa. Tulijenga kwa kipimo cha kusini kwa sababu mzigo uliokusudiwa ulikuwa wa kusini: shaba ya Zambia.

Hesabu inaanzia tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia. Njia kuu ya Zambia kwenda baharini ilipita mikononi mwake. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu Waingereza walishindwa kumkomesha Smith, na mkopo wao wa pauni milioni 7.5 kwa Tanzania ukazuiwa. Kwa kiwango cha siku zile, hizo ni dola milioni 21.

Zambia ilihitaji njia nyingine, lakini Benki ya Dunia iliona reli haitalipa. China ikatoa yuani milioni 988 bila riba, zaidi ya dola milioni 400, kwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Gawanya: kama dola 215,000 kwa kilomita. Mkopo tuliokosa ungejenga kilomita 97, yaani kutoka Makambako kwenda Njombe na kurudi zaidi ya nusu ya njia.

Wastani huo unadanganya, na anayejua mlima unaopandwa kutoka bonde la Kilombero atakubali. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ni kilomita 157 tu, lakini kina madaraja 46 na mahandaki 18. Hapo ndipo fedha zilipozama.

Na mishahara? Hapa pana ujanja unaonivutia kuliko mahandaki. Sehemu ya mkopo ilikuja kama bidhaa za Kichina, zikauzwa madukani, na shilingi zilizopatikana zikalipa gharama za ndani. Kibarua aliyenunua kitambaa cha Kichina mwisho wa mwezi alikuwa anachangia mshahara wake wa mwezi ujao. Mnunuzi mwingine, ambaye hakuwahi kushika sururu, naye alichangia vita vya jirani bila kuombwa mchango.

Reli hiyo, TAZARA, ilikabidhiwa Julai 1976. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Hata miaka yake mizuri haikufika milioni 1.3. Bandari ya Dar es Salaam ilielemewa, mabehewa yakachelewa, na Oktoba 1978, msimu wa kupanda ukikaribia na mbolea haijafika, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alilazimika kufungua tena njia ya kusini, ile ile ya Smith. Mwaka mmoja baadaye wanajeshi wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi. Zimbabwe ilipopata uhuru, Aprili 1980, deni la reli lilikuwa bado linasubiri.