Kwa nini wavuvi wa Kuruwitu walijifungia bahari yao wenyewe

Mvuvi kukubali kuacha kuvua mbele ya kijiji chake si jambo dogo. Lakini mwaka 2005, wakazi wa Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, walifanya hivyo. Walitenga eneo la bahari la takriban hekta 30 na kukubaliana kwamba humo havuliwi samaki hata mmoja.

Samaki walikuwa wanapungua, na joto kali la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limeua matumbawe mengi pwani ya Afrika Mashariki.

Joto linafanya nini?

Tumbawe si jiwe, lina uhai. Ndani yake wanaishi vijimea vidogo sana vinavyolipatia chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzijoto 1 tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe huvifukuza vijimea hivyo na kubaki jeupe pe. Hapo halijafa, ila lina njaa. Joto likipungua mapema, linaweza kupona. Likiendelea, linakufa.

Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka duniani kote kwa mara ya nne tangu 1998.

Sasa samaki anaingiaje hapa?

Tumbawe likifa, mwani huota juu yake. Ukienea, matumbawe machanga hukosa pa kushika. Wanaousafisha ni samaki kama pono na tasi, ambao chakula chao ni mwani. Kumbe hao hao ndio tunaowapenda kwenye kikaango!

Wakivuliwa kupita kiasi, hasa kwa juya linalokokota hadi samaki wachanga na kuvunja matumbawe, mwamba unakosa wa kuufagia. Yaani joto linaumiza, uvuvi holela unazuia kupona.

Kufunga eneo kunasaidia?

Kunasaidia, ila kunataka subira. Mwanzoni mvuvi wa mtumbwi ndiye anayeumia, maana hana chombo cha kumfikisha bahari kuu. Baadaye samaki waliolindwa wanakua, na jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo. Baadhi yao huvuka mpaka, na huko nje ndiko mvuvi anawapata. Mwaka 2017, Kuruwitu walipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP.

Lakini mpaka huo hauzuii joto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi chafu huishia baharini, na sehemu kubwa ya gesi hizo haikutoka Kilifi. Imetoka kwenye viwanda, mitambo ya umeme na magari ya nchi tajiri.

Wavuvi wamewapa matumbawe nafasi ya kupona. Gesi hizo zisipopunguzwa, joto jingine litayakuta bado hayajapona.